Tulivyobana Picha za Birongo Bila Kumeza Maharagwe

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisini Kisii mjini na gumboti kwenye kikapu. Shule niliachia darasa la nne. Afisa wa Ramani, aliyekuwa bosi, alitazama miguu yangu kabla ya uso. "Mama, unajua kompyuta?"

"Sijui. Lakini najua maharagwe yakiwa na majani mawili tu."

Akaniandika hapo hapo.

Kazi iliitwa uhakiki wa ardhini. Setilaiti inapita juu ikipiga picha mashamba. Mimi natembea chini na kimashine cha kuonyesha mahali, nasimama, nabonyeza, nasema hapa chai, hapa ndizi. Ofisi inalinganisha.

Siri ya kule juu nilifundishwa na Injinia wa Picha, msichana wa Nairobi asiyeogopa matope. Setilaiti inapita mbio, na dakika za kuteremsha picha ni chache, kwa hivyo inazibana huko huko angani. "Badala ya kusema chai, chai, chai, inasema chai mara mia," aliniambia. "Hapo hakipotei kitu. Ukibana zaidi, inaanza kutupa vidogo."

Nikamwambia hiyo ni chinsaga, mboga yetu chungu. Beseni zima likichemka linaingia bakuli moja na ladha ipo. Zidisha moto, utakula masizi. Alicheka akaiandika daftarini. Na kinachotupwa kule juu kimetupwa. Hakuna wa kupanda kukiokota.

Nilianzia Suneka, nikapelekwa Nyansiongo. Nyansiongo kazi ni rahisi: mashamba mapana ya masetla wa zamani, mahindi mpaka macho yachoke. Bana utakavyo, mahindi ni mahindi. Birongo ndiyo ilitutoa jasho. Huko chai, kamstari ka maharagwe, migomba na nyasi za napia za ng'ombe vimebanana kama watu kanisani Sabato.

Injinia aliiamuru setilaiti: wiki hii bana kidogo, wiki ijayo bana sana. Pointi zangu, yaani kila mahali nilipobonyeza, ndizo zingeamua ipi inatufaa. Na haukuwa mchezo. Mvua ya mawe ilikuwa imechapa maharagwe ya Birongo, na mbegu za msaada zingegawiwa kwa ramani. Usipoonekana kwenye ramani, hukulima.

Pointi zilipoingia kompyutani, Afisa alipiga meza. "Mama anasema maharagwe, picha inasema mabati. Kila mahali. Birongo haisomeki, tuiondoe."

Injinia aliinamisha kichwa. Alidhani kubana kwake kumeharibu picha. Mimi nilishajua kosa liko wapi. Kwetu huingii shamba la mtu kabla hujaketi kwake. Nilikuwa napewa uji, naonyeshwa shamba kwa kidole, nabonyeza nikiwa kitini. Nilikuwa nimepima milango ya Birongo yote.

Ningenyamaza, lawama ingebaki kwa setilaiti, na haina mdomo. Nikasema, "Bosi, picha haina kosa. Kosa ni langu na uji."

"Uji?"

"Wa wimbi."

Injinia alicheka hadi akashika ukuta. Afisa hakucheka. Alinipa siku tatu.

Nilirudi. Bosibori, mjane mwenye maharagwe nyuma ya migomba, alikuwa ameshika kibuyu tayari. Nikampita.

"Mama Kemunto, siku hizi uji wangu una sumu?"

"Una utamu. Ngoja kwanza nisimame kwenye maharagwe yako."

"Simama huko huko, basi. Ulale huko."

Nilisimama katikati, nikabonyeza. Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Vilima vile nilivimaliza na njaa, wanawake wakininunia mmoja baada ya mwingine.

Safari hii pointi zilikaa mahali pake. Picha iliyobanwa sana ilikuwa imemeza maharagwe yote ndani ya chai. Iliyobanwa kidogo ilionyesha hata kamstari ka Bosibori. Afisa akaamua: kwa vilima vyetu, afadhali picha chache zilizobanwa kwa huruma. Mbegu zikafika Birongo. Bosibori akaja mpaka ofisini, akaweka kibuyu mezani kwa Afisa bila salamu. Nilikinywa chote, bosi akiangalia.

Magoti ndiyo yaliyonistaafisha, si mtu. Watoto wangu mnaoanza leo, mashine zenu ni nzuri kuliko yangu, lakini hata nzuri haijui kama umesimama kwenye maharagwe au umeketi mlangoni umeshiba. Juzi alikuja msichana mmoja na kimashine chake. Akaketi kwangu kwa adabu, akanyoosha mkono apokee kikombe. Nikakivuta.

"Nenda kwanza kwenye maharagwe," nikamwambia. "Uji nitaufunika."