Istikhara na Mtandao wa Konde

Nilipomaliza skuli nilichaguliwa na vyuo viwili. Kimoja kiko Unguja, nisomee ualimu wa sayansi. Cha pili kiko bara, nisomee sayansi ya bahari. Tulipewa wiki mbili za kuthibitisha kimoja. Nafasi ya kingine angepewa mtu mwengine.

Moyo wangu ulikuwa bara. Kwenye maonesho ya vyuo, Chake Chake, mwalimu mmoja wa chuo hicho aliniwekea tone la maji ya bahari chini ya hadubini. Mimi ni mtu wa Msuka, kijiji cha pwani. Maji hayo nimeyaoga na kuyameza tangu utotoni, wala sikujua kwamba yana wakaazi wengi namna ile. Nilitazama mpaka wa nyuma yangu wakaanza kunung'unika.

Lakini mimi ni mtu wa kuwaza. Niliwaza nauli, niliwaza hosteli, niliwaza mama akiumwa nitafikaje. Siku ya kumi mama alichoka nami.

"Hiyo nazi umeikuna mpaka kifuu, mwanangu. Hebu sali istikhara utulie."

Nikasali rakaa mbili, nikamwomba Mola anichagulie lenye kheri. Sikuhisi kitu. Kesho yake nikasali tena, kimya. Ndipo nikajiwekea sharti langu mwenyewe: nitakwenda Konde kuthibitisha kile cha bara, na kama hakina kheri nami, Mola atakizuia.

Konde kuna duka la kompyuta tulilokuwa tukilitegemea sote. Mwenye duka aliingiza namba yangu ya siri, tukasubiri, ukurasa ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma tena.

"Mtandao wao leo una maringo," alisema. "Kaa, dada, utarudi."

Nyuma yangu alikuwa msichana wa Tumbe niliyesoma naye darasa moja. Naye alichaguliwa kozi ile ile ya bara. Alicheka.

"Kaa bwana! Kwani umeacha mtoto analia?"

Sikukaa. Nilimwambia mwenye duka ajaribu kile cha Unguja, na kikapita mara moja.

Nilihisi nafuu kubwa, nikaiita utulivu. Nyumbani nikasema istikhara imejibu. Mama alitokwa na machozi, na kabla ya Alasiri kila mwanamke wa mtaani alikuwa na habari.

Jioni yule wa Tumbe akanipigia simu. Mtandao ulirudi mimi nikiwa bado nasubiri gari pale Konde. Yeye amethibitisha.

"Batilisha, shoga. Siku mbili bado unazo. Twende sote."

Kubatilisha kulikuwa kazi ya dakika tano. Lakini ningemwambia nini mama? Kwamba Mola amejibu, na mimi majibu sikuyapenda? Niliishika simu siku mbili nzima, nikiandaa maneno na kuyapanga upya, mpaka muda ukaisha.

Sasa nimehitimu ualimu, nasubiri ajira. Masomo yenyewe sikuyachukia. Kinachoniuma ni kwamba niliogopa kwenda mbali, nikashindwa kusema naogopa, nikaubandika woga wangu jina la Mola.

Wiki iliyopita binti wa jirani alikuja kwetu. Amepata vyuo viwili, na roho yake iko kwenye uuguzi, bara. Alitaka kujua mimi nilijuaje.

Mama alinijibia, huku akichambua mchele. "Cha bara mtandao ulimkatalia, cha Unguja ukampitishia. Majibu gani tena?"

Binti akanigeukia. "Kweli, dada?"

Ningeweza kusema pale pale. Niliona uso wa mama ulivyojaa furaha, nikajibu, "Kweli."

Tangu hapo nimemwandikia ujumbe mara tatu na kuufuta mara tatu. Wa kwanza ulikuwa mrefu mno. Wa pili ulimfanya mama aonekane mwongo. Wa tatu sikumbuki ulikuwa na kosa gani. Leo asubuhi nikavaa baibui, nikaenda kwao nikamwambie kwa mdomo wangu. Nilimkuta mama yake anafagia uani.

"Ametoka mapema, kaenda Konde," aliniambia. "Kasali istikhara yake jana. Kasema atafanya kama ulivyofanya wewe."