Tembo Aliyezunguka Mahindi

Juzi, kwenye duka la intaneti hapa mjini, nilimkuta mama mkulima kutoka Momela, kando ya hifadhi, akisubiri kusoma barua pepe ya mwanawe. Mtandao ulikuwa umegoma, basi dada wa kaunta akamfungulia mchezo wa kompyuta unaohusu wanyamapori.

"Mama, wewe ndiye tembo. Nenda mtoni ukanywe maji."

Mama akavua kandambili, akashika kipanya kwa mikono miwili. Kila tembo alipoyafikia mahindi yaliyopandwa kati yake na mto, mama alimgeuza. Akalizunguka shamba lote, na kabla ya kufika mtoni tembo akaanguka kwa kiu.

"Pita tu katikati, mama. Ni mchezo."

"Nikanyage mahindi ya mtu? Mwenzio kalima!"

Akaanza upya, akazunguka tena, na tembo akafa tena. Mama akaachia kipanya.

"Kumbe tumelima njiani kwake," akasema taratibu. "Na mimi kila msimu namfukuza kwa kugonga mabati."

Semina za uhifadhi nimehudhuria nyingi, na soda zake nimekunywa. Sijawahi kutoka hata moja nikihisi kiu ya tembo.