Kokwa za Zeituni Ukutani

Jilali alizaliwa kivulini mwa ukuta wa Marakeshi, na kwa miaka hamsini aliushindilia udongo wake kama alivyofundishwa na baba yake, fundi Mbarik. Magoti yalipogoma, watafiti wa mambo ya kale walimwajiri achimbe kile kile alichokuwa akijenga. Dunia haina adabu.

Asubuhi hiyo Ghizlane, kiongozi wa watafiti, aliruka kama mtoto siku ya Idi. Walikuwa wamekata ubavu wa ukuta, na kila tabaka la udongo lilikuwa na kokwa moja ya zeituni.

"Ba Jilali, njoo uone! Hizi zikipimwa maabara, umri wa ukuta tumeupata. Miaka mia tisa, wallahi!"

Jilali aliinama, akaigusa kokwa moja. Aliikumbuka michana ya mkate na zeituni, baba akitafuna huku akiimba, kisha akiitoa kokwa mdomoni na kuipachika kwenye udongo mbichi. Kila tabaka na kokwa yake, ndiyo sahihi yake, maana kuandika hakujua. Ee Mola, alivyozitamani siku zile!

Akinyamaza, kazi ya baba ingeheshimiwa kama ya masultani, isiguswe. Akisema, ni kiraka tu hicho. Kingebomolewa ili ukuta wa kale ulio nyuma yake uonekane. Na mpaka majibu ya maabara yarudi, pengine yeye mwenyewe angekuwa ameshazikwa.

"Binti yangu," akasema mwishowe, "huyo ni baba yangu. Alikitia kiraka hiki mwaka wa mafuriko, wewe hujazaliwa."

"Acha utani wako, mzee!"

"Tazama alama za mashindilio. Zote zimelalia upande mmoja. Mzee alikuwa ana mashoto."

Kicheko kikamwisha Ghizlane. "Ungenyamaza, kingebaki."

"Nawe uandike uongo kwa jasho lake? Angetoka kaburini anichape. Kwa mkono huo huo wa kushoto."

Ghizlane akachukua mchoro wa ukuta, akaandika pembeni: Fundi Mbarik, mwenye mashoto. Jilali alitaka asomewe mara mbili. Kisha akaomba akibomoe mwenyewe.

Sururu ikapiga, ikadunda. Akapiga tena, likatoka vumbi tu. Mara ya tano akaegemea mpini, machozi yanamtoka na kicheko pia.

"Baba," akasema, "legeza kidogo basi. Mwanao nimezeeka."