Stempu ya Ng'ombe Mwekundu

Juzi nililoweka chupa tupu za asali ili karatasi zake zibanduke, na mara harufu ya gundi iliyolowa ikanijaa puani. Nikaacha kazi, nikaketi. Harufu ile, ndugu msomaji, kwangu ni harufu ya Jumapili baada ya misa, katika nyumba yetu ya mbao mjini Goma.

Papa alikuwa dereva wa lori la kwenda Butembo, mtu wa mikono mikubwa iliyonukia mazutu, yaani dizeli, na alipenda kitu ambacho hakuna dereva mwenzake aliyekielewa: stempu za barua. Sisi tuliziita tembre. Wafanyabiashara na mapadri wa njiani walimwekea bahasha zao kuukuu. Jumapili alikunja mikono ya shati, akamimina maji ya vuguvugu kwenye beseni, nasi tukazunguka mkekani kungoja stempu zijitenge na karatasi na kuelea kama majani. Kisha kila mmoja alichagua yake na kusimulia kinachotokea ndani yake. Meli ilikuwa imebeba maharage ya kutoka mji wa Kiwanja. Malkia alikuwa amenuna kwa sababu anaumwa jino. Tulicheka mpaka Mama akaja kuona kuna nini.

"Tembre si kuku," Papa alizoea kusema. "Haitaki kuhesabiwa kila magaribi."

Mambo yaliharibika siku alipotutembelea binamu yake Papa, mchuuzi aliyesafiri sana. Alishika stempu moja yenye ng'ombe mwekundu juu ya mlima wa kijani, akaigeuza, akapiga mluzi.

"Huyu ng'ombe wa karatasi anaweza kukununulia ng'ombe wa kweli," akamwambia Papa.

Papa akacheka. Kaka yangu Kambale hakucheka.

Tangu siku hiyo Kambale, mkubwa wetu, akawa kama afisa wa forodha. Alitafuta kibano, akapiga marufuku vidole, akazipanga stempu kwa bei alizozikisia mwenyewe. Hadithi zikakoma, kwani nani angethubutu kumpa malkia wa bei maumivu ya jino? Jumapili zikageuka mtihani. Mimi nikawa natoroka kwenda kucheza nje. Papa alitazama tu.

Ndipo Furaha akaja. Baba yake alikuwa rafiki wa Papa, mfugaji wa milima ya Masisi. Vita vilipofika kwao, mama yake alimleta kwetu, kisha akarudi kumtafuta mumewe. Furaha alikuwa rika langu. Alikula, alioga, alinisaidia kuchambua sombe, majani ya muhogo, lakini hakusema neno. Majirani walimjaribu kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, wapi!

"Mumuache," Mama akawaambia. "Sauti yake iko njiani. Inakuja na miguu."

Jumapili moja alichuchumaa ukingoni mwa mkeka. Macho yake yakatua kwenye ng'ombe mwekundu. Akanyoosha kidole.

"Usiguse!" Kambale akamkemea. "Ile ni ya bei! Utaiharibisha!"

Furaha akarudisha mkono kama aliyeungua. Papa akaiokota stempu kwa vidole vyake vilivyolowa, akaiweka katikati ya kiganja cha yule mtoto.

"Kamata, mwanangu. Utuambie, huyu anafanya nini?"

Tulingoja. Furaha aliipapasa kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayemkuna mnyama shingoni.

"Ni Gaju," akasema. Sauti yake ilikwaruza. "Ng'ombe yetu. Anapendaka chumvi. Analambaka mpaka mukono."

Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi, asiamini. Furaha akaendelea. Gaju aliogopa mvua ya mawe. Gaju alikuwa amezaa juzijuzi. Siku ya kukimbia, Gaju aliwafuata mpaka mtoni, hakuvuka. Hapo akalia, mara ya kwanza tangu aje, na Mama akamkumbatia. Stempu ilikunjamana ndani ya ngumi yake, na hakuna aliyemnyang'anya.

Nilimtazama Kambale nikidhani atafura. Alikuwa amemsogelea Furaha.

"Na mutoto wa Gaju," akamuuliza taratibu, "mulimuita nani?"

Mvua zilipokwisha, mama yake Furaha alirudi pamoja na mumewe, wamekonda lakini wazima. Furaha akaondoka na stempu yake, imechakaa kama noti ya sokoni. Nasi Jumapili zetu zilikuwa zimerudia kelele zake.

Utotoni nilidhani Papa amepoteza mali, nikamhurumia. Nilihitaji miaka, na watoto wangu mwenyewe, ili nielewe. Mtu aliyeendesha lori katika barabara ile alijua bei ya kila kitu: mazutu, matairi, hata kupita kizuizi cha barabarani. Alihitaji mahali pamoja pasipoingia bei, na alipalinda kwa upole, hata dhidi yetu sisi wanawe. Bila hivyo, Furaha angemkuta wapi ng'ombe wake?