Hesabu ya Kamba Niliyoipika

Bwawa lililo chini ya shamba letu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Emali, lilikuwa na maji mwaka mzima na konokono mwaka mzima. Konokono hao ndio walioeneza kichocho. Shangazi yako, mjukuu wangu, yule kitinda mimba wangu, alikuwa na miaka kumi na mmoja alipoanza kukojoa damu. Zahanati ilimpa vidonge, akapona. Akarudi kuchota maji, akaugua tena. Hatukuwa na maji mengine.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuja mtafiti kijana na mapipa ya kamba wa maji baridi: wanyama wekundu wenye magando, jamaa wadogo wa wale kamba wakubwa wanaovuliwa Pwani. Kamba hula konokono. Aliwamwaga bwawani, kisha akatafuta mtu wa kutega vikapu vya waya kila Jumamosi, kuwahesabu kamba walionaswa na kuwarudisha majini. Nilimwambia sijui kusoma wala kuandika. Akaniuliza kama najua kuhesabu mbuzi. Nikamjibu kwamba mbuzi wangu hawajawahi kupotea.

Tulipatana hivi. Kila dume, punje moja ya mahindi. Kila jike, kunde moja. Jike mwenye mayai chini ya mkia, mbaazi. Kila konokono aliyeonekana ndani ya hatua kumi za ukingo, kokoto. Nilifunga kila Jumamosi katika kitambaa chake na kukitia mkebeni, naye akija alifungua na kuandika.

Wanawake wa kanisani walinicheka.

“Dada yetu siku hizi anachunga panzi wa maji,” alisema mmoja wao, “tena anawakagua mikia.”

Nilimwambia achote maji yake aende zake.

Mwaka ule mbaazi ziliongezeka na kokoto zikapungua. Shangazi yako alimaliza misimu miwili bila kukojoa damu. Mtafiti alinieleza kwamba ukame ukija, bwawa lenye hesabu isiyokatika litaletewa kamba wengine mvua zikirudi. Lisilo na hesabu litaachwa. Nilimwelewa vizuri.

Mvua zikakosekana mara mbili. Mtafiti akapotea miezi mingi, nami nikaendelea kufunga vitambaa. Bwawa likabaki dimbwi, watu na ng'ombe tukasongamana humo, na shangazi yako akaugua tena. Muuguzi alitupa vidonge na onyo: asivimeze akiwa na njaa, atavitapika vyote. Nyumbani hapakuwa na unga, na malori ya chakula cha msaada hayakuwa yamefika Emali. Palikuwa na mkebe tu.

Nilifungua vitambaa kimoja kimoja, nikatenga kokoto, nikaosha zilizobaki na kuzichemsha. Zilitosha sahani moja.

“Mwaitu, hizi si za yule bwana?” aliuliza binti yangu, kwa maana hivyo ndivyo tunavyomwita mama.

“Kula.”

“Ataziulizia.”

“Ataniuliza mimi. Kula.”

Alikula, akameza vidonge, na havikurudi.

Mtafiti alifika wiki chache baadaye, akaufungua mkebe, akakuta kokoto tupu.

“Konokono nawaona, Mama. Kamba wako wapi?”

“Nilizipika zile mbegu,” nikamwambia, nikamweleza sababu.

Aliweka daftari wazi mapajani. “Basi nikadirie. Jumamosi ya kwanza walikuwa wangapi? Ishirini? Thelathini?”

“Sikumbuki.”

“Taja idadi yoyote, Mama. Nani atajua?”

Nilimjibu kwamba sitamwandikisha kamba ambao siwezi kuwaapia. Alinitazama, akafunga daftari, akakusanya vikapu vyake matopeni na kuvipakia garini. Mpaka leo nashikilia kwamba nilimjibu sawasawa, na kwamba jibu hilo halikumsaidia mtu yeyote.

Mvua iliporudi, bwawa lilijaa kwa siku tatu. Kamba wapya walipelekwa bwawa jingine, upande wa Kiboko. Kwetu walitangulia konokono, kabla hata nyasi hazijaota. Nilitembea hatua zangu kumi nikiwaokota na kuwaponda kwa jiwe, na kesho yake walikuwa wengi vilevile.

Shangazi yako alikuwa ametimiza miaka kumi na minne. Asubuhi moja alirudi kutoka chooni akasimama mlangoni na mtungi wa kuchotea maji, akaniambia mkojo umekuwa mwekundu tena. Nilichukua mtungi mkononi mwake nikaenda bwawani mwenyewe, nikayachota maji yale yale, nikayaleta nyumbani.