Nyota ya Andromeda ambayo marehemu mume wangu hakuiona, na sababu yake

Wakuu, nawasalimu nyote. Ninachokieleza hapa nimekishuhudia mwenyewe, wala sikukipamba.

Mimi ni mjane, mkazi wa Bagamoyo. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa tayari nina wajukuu, na darasani hakuna aliyenishinda kwa kukumbuka tarehe. Nalisema bila haya.

Marehemu mume wangu, Salehe, alikuwa fundi redio mwenye ugonjwa wa kutazama nyota.

Katika galaksi ya Andromeda, mbali mno na yetu, ipo nyota hafifu inayolipuka karibu kila mwaka. Hung'aa siku chache, kisha hufifia. Watazamaji wa ridhaa duniani kote huivizia, naye alitaka aipate kutoka kwetu.

Tulikuwa tukishaswali magharibi tunapanda pikipiki hadi shambani Fukayosi, kwenye giza safi. Darubini imeviringishwa kwenye mkeka, chupa ya chai mapajani mwangu. Kamera ikifanya kazi, yeye hunisimulia.

Wakuu, jioni zile nazikumbuka kuliko arusi yangu.

Mwaka wake wa mwisho alipiga picha, akampa Mwalimu Kessy, mwenzetu mzaliwa wa Moshi anayefundisha huku kwetu, aitume kwa watazamaji wenzao. Saa ya kamera ilikuwa mbovu, hivyo tarehe aliitaja mwenyewe.

Jibu lilipokuja, aliifunika darubini kwa kanga yangu na hakuifunua tena. Hakuniambia sababu. Mwaka haukuisha, akafariki.

Mwezi uliopita Mwalimu alikuja kunijulia hali, nikamuuliza. Alisita, kisha akaeleza kwamba picha ilikuwa ya Ijumaa usiku, na usiku huo wengine waliiona nyota iking'aa. Ya mzee haikuonyesha kitu. Wakahitimisha kwamba darubini yake haina nguvu ya kufika huko.

Nikamuuliza ni Ijumaa ipi. Akaitaja.

"Usiku huo tulikuwa Kerege, kwenye arusi ya binti wa dada yangu," nikamwambia. "Salehe alikula pilau hadi nikamwonea haya. Shambani tulikwenda Alhamisi."

"Lakini mama, tarehe alinipa mwenyewe."

"Alikupa ya kwetu, Mwalimu. Jua likishazama Alhamisi, kwa Salehe Ijumaa imeshaingia. Ramadhani ikiingia unatuona tunaswali tarawehe usiku, kabla hatujaanza kufunga kesho yake. Ulidhani tumekosea siku?"

Mwalimu akashika kichwa. "Miaka yote hii nakaa pwani, na sikumuuliza."

Tukaandika upya, tukaambatanisha kadi ya arusi.

Wiki iliyopita wamejibu. Picha imehamishiwa Alhamisi. Jioni hiyo hakuna mwingine aliyetazama upande ule, kwa hiyo picha ya Salehe ndiyo pekee inayoonyesha nyota ikiwa bado imelala, saa chache kabla ya kulipuka. Wameshukuru, na jina lake limeandikwa.

Nililia, si haba. Mtu alikufa akidhani hakufika. Kumbe alifika, ila aliwahi.

Nililojifunza ni hili: aliyetazama kwa makini na akasema kweli kwamba hakuona kitu, naye ametoa ushahidi. Tusimwite dhaifu kabla hatujamuuliza siku yake huanza lini.

Uwanja ni wenu. Wenye wazazi waliohesabu siku tangu magharibi, yamewahi kuwakuta? Nitasoma kila mchango. Mtakaotaja tarehe, tafadhali semeni ni ya hesabu ipi.