Injini ya Kumpelekea Gaudens

"Hivi wewe Kokuberwa, mwanamke na injini wapi na wapi?" Bi Hamdiya, jirani yake wa Mwananyamala, alimwuliza hivyo asubuhi moja ya mwaka 1954, alipomwona anatoka misani na kushika njia ya Msasani badala ya kurudi kwenye cherehani yake.

Kokuberwa akamweleza. Injini si yake, ni ya kaka yake Gaudens, anayevusha watu ziwani huko kwao Bukoba. Ile ya kwanza iliwazimikia katikati ya maji, wakaelea siku mbili, na ndani ya mashua mna mama mjamzito. Mungu aliwanusuru. Chuma kilichovunjika hakikuzidi kidole, lakini Bukoba nzima hakikupatikana. Ndipo Gaudens akaandika: dada, nitafutie injini imara, ambayo spea zake zinauzwa Kampala, maana Uganda ndiko karibu kwetu.

Duka la mzee Muhsin lilikuwa hatua chache tu kutoka ufukweni. Injini mbili zilikuwa zimefungwa kwenye ubao, moja nyeusi, moja kijani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chukua hiyo ya kijani. Mpya, haijagusa maji."

Mpya gani, Kokuberwa akajisemea, mbona rangi imepita mpaka juu ya skrubu?

"Na spea zake, Kampala zipo?"

"Tele! Kampala, Nairobi, mpaka Bombay!"

Jibu lilikuja upesi mno. Hata hakusita kidogo kukumbuka! Kokuberwa akamwomba Mungu amsamehe kwa kumdhania mtu vibaya, kisha akaendelea kumdhania.

Maji ya ziwa lao hayana chumvi. Akawaza, kama injini hii imetumika baharini, ulimi utasema. Akatia kidole kwenye tundu la kupitishia maji, akakilamba. Chumvi tupu!

"Mzee, hii imeshaogelea."

Muhsin alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Ewe mtu wa bara! Haya, kalambe na kitasa cha mlango wangu."

Akagusa kitasa, akalamba. Chumvi vilevile.

"Pwani hii hata kofia yangu ina chumvi! Ukimaliza kulamba duka, uniambie nikufungie mzigo."

Wateja waliokuwa barazani wakaangua kicheko. Aibu ikampanda, mkono ukaanza kufungua fundo la pesa kwenye kanga, anunue tu aondoke zake. Lakini akilini akamwona Gaudens akielea tena, safari hii siku tatu, nne, na abiria wake wanamtazama yeye. Mkono ukarudi.

Akamtazama Muhsin usoni, akasema kwa upole:

"Mzee wangu, naomba uniandikie jina la duka la Kampala linalouza spea hizo, na namba ya injini hii, ili kaka yangu awaulize wenyewe kabla sijanunua."